Waya Nilioukata Kihonda

Nilimwahidi Mzee Kobelo kwamba sitagusa waya wowote wa gari lile bila kumwambia. Nilimwahidi asubuhi, mikono yangu ikiwa imejaa grisi, katika karakana ya kiwanda cha zamani kule Kihonda, naye ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akimenya chungwa la Kinole kwa kisu cha mfukoni. Hakuniomba kiapo. Alisema tu, "Mimi naendesha kwa mguu, wewe unaendesha kwa waya. Siku ukibadilisha cha kwako uniambie, na mimi nibadilishe cha kwangu." Nikamjibu, "Nakuahidi, mzee." Akanikatia nusu ya chungwa, na mazungumzo yakaishia hapo, kama yanavyoishia kati ya watu wanaoaminiana. Ahadi ile niliitunza miezi saba. Niliivunja kwa koleo dogo, kwa muda usiozidi ule wa kunywa kikombe cha chai, na kwa kuivunja nikaliharibu jina la mtu mwema. Mwezi uliopita tulimzika mzee huyo kule Bigwa, na tangu nirudi kutoka makaburini nimeshindwa kuendelea kukaa na jambo hili peke yangu. Sitaeleza nilizaliwa wapi wala nani alinisomesha; hakuna hata mmoja kati ya watu hao anayestahili kuchafuliwa na sura hii. Nitaeleza mwaka mmoja tu.

Ulikuwa mwaka ambao neno ruksa, la kufungulia biashara binafsi, lilikuwa bado la moto midomoni mwa watu. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu cha mitambo, na kichwani nilikuwa na imani, ambayo leo naiona ya kitoto lakini siionei haya, kwamba mashine iliyotengenezwa vizuri haimdanganyi mtu, na kwamba nchi nayo ingeweza kutengenezwa hivyo. Kiwanda nilichoajiriwa kilikuwa cha umma mpaka miezi michache kabla sijafika. Kilikuwa kimeuzwa kwa mtu tuliyemwita Tajiri, kama madereva wote wanavyomwita mwenye gari, nami sitamwita vinginevyo. Mitambo ilikuwa imekwisha kukatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Ukumbi wa chakula, ambao ukutani ulikuwa bado na orodha ya zamu iliyoandikwa kwa chaki, ulijazwa marobota ya mitumba hadi darini, na harufu yake, ile ya dawa na ya jasho la watu wa mbali lililokauka, ilikuwa imepenya hata kwenye mkate tuliokula saa nne. Nje ya geti, kila asubuhi, walisimama watu waliopunguzwa kazi, wamevaa mashati yao ya kiwanda yaliyofuliwa na kupigwa pasi, wakisubiri tangazo ambalo kila mtu, na wao wenyewe nadhani, alijua kwamba halitabandikwa. Nilipita katikati yao nikiingia kazini, nikiwaamkia wazee shikamoo, wakiniitikia marahaba bila kunitazama. Mwanzoni nilitapika mara mbili kwa ile harufu ya marobota. Baadaye niliizoea, na kule kuizoea ndiko ninakokuchukia zaidi.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza malori ya Tajiri yaliyoteremsha kabichi, karoti na njegere kutoka Mgeta kwenda Dar es Salaam. Mzee Kobelo ndiye aliyekuwa dereva mkuu. Alikuwa na miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye kifua kipana na nyayo ndogo ambazo alijivunia kupita kiasi. Aliendesha akiwa amevaa kandambili nyembamba zilizolika, kwa sababu, alisema, kiatu kinene kinamfanya mtu aendeshe gari kama anayebisha hodi. Alikuwa ameshuka kutoka Mgeta na mzigo katika mvua za masika kwa zaidi ya miaka ishirini, na hakuwahi kumwaga hata tenga moja. Mkuu wa karakana alikuwa Fundi Manase, mtu mcheshi, mwepesi wa mkono, ambaye hakuwa na cheti na hakukitamani. Manase alikuwa na desturi yake moja iliyojulikana mjini kote. Mteja akileta gari ambalo taa ya hatari inawaka kwenye dashibodi, Manase hulishughulikia nusu saa, kisha huurudisha ufunguo akitabasamu. Taa imezimika, mteja anashukuru. Alichokuwa amefanya ni kuchomoa balbu. Alizitunza balbu hizo ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kopo lilikuwa limekaribia kujaa.

"Msomi, usinikazie macho," aliniambia siku ya kwanza nilipolifunua. "Mtu hakuja kutengenezewa gari. Kaja kuondolewa wasiwasi."

"Na gari likimfia njiani?"

"Basi atakuwa kafika njiani bila wasiwasi. Wengine hata huko hawafiki."

Nilicheka. Naandika hilo kwa makusudi, ili asije mtu akadhani nilikuwa nimesimama pembeni nimekunja mikono kama hakimu.

Gari jeupe lilifika mwezi wa pili, juu ya lori, likiwa limefunikwa turubai kama maiti ya mtu mkubwa. Lilikuwa gari la michezo kutoka Japani, la milango miwili, limeinama chini kiasi kwamba mtu aliingia kama anayeingia kitandani, na injini yake ilikuwa na nguvu kushinda lori letu la tani saba huku likiwa na uzito usiofika robo ya lori likiwa na mzigo. Nguvu yote ile ilikwenda kwenye magurudumu mawili ya nyuma. Geti la kiwanda lilikuwa na mtaro mbele yake, na tumbo la gari lilikwaruza, kwa hiyo kila Tajiri alipotaka kutoka au kuingia ziliwekwa mbao mbili juu ya mtaro. Walioziweka na kuzishikilia zisiteleze ni wale wale waliokuwa wakisubiri tangazo. Walikimbilia kazi hiyo. Mmoja wao aliwahi kuwa msimamizi wa zamu. Gari lilipokwisha kupita, Tajiri alitoa mkono dirishani, bila kugeuza shingo, akanyoosha chupa ya soda aliyokwisha kuinywa nusu, na yule msimamizi wa zamani akaipokea kwa mikono miwili.

Katika gari lile kulikuwa na kifaa ambacho hakuna aliyekijua Morogoro nzima, na mimi nilikijua kwa sababu tu mwalimu wangu mmoja alikuwa mtu wa kusoma sana. Kazi yake ni rahisi kueleza. Gari haliendi kwa sababu gurudumu linazunguka. Linaenda kwa sababu gurudumu limeishika barabara. Ukimwaga nguvu nyingi kuliko uwezo wa tairi kushika, tairi huanza kusugua, linalia, linatoa moshi, na nguvu inageuka joto badala ya mwendo. Kifaa kile kilisoma mwendo wa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ya nyuma yakizidi ya mbele kupita kiasi, kilifunga kilango kidogo kwenye njia ya hewa ya injini, pumzi ya injini ikapungua, tairi likarudi kushika, kilango kikafunguka tena. Dereva angeweza kukanyaga mafuta hadi chini, na gari lingejipunguza lenyewe. Kulikuwa na kitufe cha kukizima, na taa ya rangi ya machungwa iliyowaka kikiwa kimezimwa au kimeharibika. Tajiri alikiita kizuizi. Mzee Kobelo, baada ya safari ya kwanza kwenye barabara yenye mchanga, alishuka akizunguka gari mara mbili, akainama kuchungulia chini yake, akaniuliza, "Huyu bwana aliyenishika mguu yuko wapi?" Tangu hapo karakana nzima ilikiita Yule Bwana.

Nilimfundisha mimi mwenyewe kukiamini. Hili nataka lisomwe polepole. Mguu wa Mzee Kobelo ulikuwa umefunzwa kwa miaka mingi kutokanyaga hadi chini kamwe, na mimi, kijana wa cheti, nilikaa kando yake Jumapili kadhaa kwenye barabara ya mashamba ya katani nikimwambia, "Kanyaga, mzee. Mpaka chini. Mashine itajua." Alikunja uso kama anayeshauriwa amtukane mama yake. Alipokanyaga, gari lilijikaza, injini ikasita kidogo kama mtu anayemeza mate, kisha tukachomoka bila kuyumba, na yeye akacheka mpaka akalisimamisha gari. "Mwanangu, huyu ana adabu kuliko mimi," alisema. Mkewe, Bi Zaina, alitusubiri nyumbani kwao Bigwa na ugali, kisamvu cha nazi na ndizi mbivu zilizoteremshwa siku hiyo hiyo kutoka mlimani. Tulikula sebuleni, kwenye mkeka, mlango ukiwa wazi, na Bi Zaina alitutania bila huruma: "Mume wangu siku hizi anaota gari. Jana usingizini kanikanyaga mguu, nikamwambia mimi sina kifaa." Siku moja tukiwa tunanawa, aliingia jirani, akaketi ukingoni mwa mkeka, na baada ya kuuliza hali za watu wote na za mazao, akamwomba Mzee Kobelo awe shahidi wa kufungwa kwa nikahi ya mwanawe Ijumaa ijayo. Mzee alikubali bila kufanya shughuli kubwa, kama mtu aliyezoea. Alipotoka jirani, Bi Zaina aliniambia kwamba pale mtaani nikahi nyingi zilisimama kwa ushahidi wa mumewe. Nilikuwa Mkristo mgeni, nikauliza kwa nini yeye. Mzee alijibu mwenyewe, akijifuta mikono: "Shahidi hatafutwi mwenye mali wala mwenye elimu. Anatafutwa ambaye neno lake halina doa. Ulevi, uongo, dhuluma, ukionekana navyo huitwi." Aliyasema hayo kwa wepesi, kama mtu anayetaja saizi ya kiatu chake, na ni hapo nilipoelewa kwamba hicho ndicho kitu pekee alichokuwa akikimiliki kikamilifu.

Tajiri hakukipenda kifaa kwa sababu kilimnyima moshi. Alikuwa ameona mahali fulani, katika mikanda ya video aliyoiangalia mchana ofisini akila pilau, magari yakianza mwendo ndani ya wingu la moshi wa tairi, naye alishika imani kwamba moshi ndio mwendo wenyewe. Nilijitolea kumthibitishia kwamba sivyo. Bado naona aibu nikikumbuka jinsi nilivyokuwa na furaha. Niliazima saa ya mbio kwa mwalimu wa michezo wa sekondari, nikapima hatua mia tatu kwenye barabara ya viwandani, nikamweka Mzee Kobelo na baadaye Tajiri mwenyewe, kifaa kikiwa kimewashwa, kisha kikiwa kimezimwa, kwenye lami safi na kwenye lami iliyomwagikiwa vumbi na malori. Matokeo yalikuwa ya heshima kwa kila upande, na ndiyo maana niliyapenda. Kwenye lami kavu na safi, Mzee Kobelo alipokizima na kuubembeleza mguu wake, alikishinda kifaa kwa nafasi ndogo sana, kwani kifaa kilikuwa mwoga kidogo, kilibana mapema na kuachia kwa kuchelewa. Kwenye vumbi, kifaa kilimshinda. Tajiri, aliyekanyaga hadi chini kila mara, alichelewa popote pale kifaa kilipozimwa. Tairi zilipiga kelele, moshi ulipanda, na gari likawa kama mtu anayekimbia ndotoni. Niliandika yote kwa mwandiko mzuri nikampelekea ofisini. Alikuwa akijichokonoa meno. Karatasi aliitazama, akaiweka chini ya sahani ili mafuta yasiguse meza.

"Kijana, hii saa nani ataiona?"

"Sijaelewa, Tajiri."

"Watu watasimama barabarani. Watashika saa?"

"Hapana."

"Wataona nini?"

Alichomoa kijiti menoni. "Wataona moshi," alisema, akamtazama Manase aliyekuwa amesimama mlangoni, na Manase akacheka kicheko kile cha mtu anayelipwa. Nilitoka nje nikiwa na ladha ya shaba mdomoni. Nilitazama milima ya Uluguru ambayo siku hiyo ilikuwa imefunikwa mawingu hadi kiunoni, nikajiambia kwamba mtu yule ni wa kupita, kwamba nchi haiwezi kujengwa na watu wanaochukia kupimwa. Nilikuwa sahihi kuhusu ubaya wake na nilikosea kuhusu kila kitu kingine. Hakuwa wa kupita.

Mwezi wa tisa ilitangazwa sherehe ya kukifungua kiwanda. Kufungua nini, hakuna aliyeuliza. Kuta zilipakwa rangi hadi urefu ambao mgeni aliyeketi angeweza kuona, na marobota yakafunikwa turubai. Mgeni rasmi angekaa jukwaani karibu na geti, na ngoma zikinyamaza, gari jeupe lingechomoka kutoka uani, kupita getini na kuingia barabarani ndani ya wingu la moshi. Mtaro ulifukiwa kwa zege. Mzee Kobelo angeendesha, kwa kuwa Tajiri alitaka kuonekana amesimama kando ya mgeni. Lakini Mzee alikataa kukizima kifaa mbele ya watu. "Kule kwenye majaribio peke yangu, sawa," alisema. "Penye watoto wa watu, simwondoi Yule Bwana." Tajiri alikizima mwenyewe mara mbili katika mazoezi, na mara mbili Mzee alikiwasha tena kimyakimya kwa kidole gumba, gari likatoka kasi, safi, bila moshi. Siku mbili kabla ya sherehe, Mzee akiwa amekwenda Kinole kwenye msiba wa shemeji yake, Tajiri aliniita.

Aliniongoza hadi kwenye chumba kilichokuwa cha meneja wa uzalishaji. Kilikuwa kimefagiliwa. Ndani kulikuwa na meza, kiti chenye mikono na kalenda mpya, na mlangoni palikuwa na kibao cha mbao kilichoandikwa kwa rangi nyeupe: MHANDISI. Sikuwa mhandisi. Cheti changu hakikunipa jina hilo, na alijua. Aliniacha nikisome kibao, kisha akasema taratibu kabisa, karibu kwa upole, "Nataka moshi, mhandisi. Na mzee asijue, atanisumbua." Ningeandika hapa kwamba nilitishwa, kama ningetishwa. Sikutishwa. Niliitwa jina nililokuwa nikijiita mwenyewe usiku na mchana kimoyomoyo, nami nikaona joto likipanda shingoni, na joto lile lilikuwa la furaha.

Manase hakujua waya upi. Mimi nilijua. Nililala chali chini ya dashibodi, nikautafuta ule unaopeleka amri kwenye kilango, nikaukata. Kilango kingebaki wazi daima. Taa ya machungwa iliwaka, kama ilivyopaswa, na ingewaka mbele ya macho ya Mzee Kobelo na kumwambia yote ambayo mimi sikutaka kumwambia. Manase aliinama juu yangu akinuka vitunguu, akaingiza vidole viwili nyuma ya dashibodi kwa ustadi wake wa miaka mingi, akaichomoa balbu. "Wasiwasi umeondoka," alisema, akaitumbukiza kwenye kopo. Na nilijiambia, kwani mtu anayefanya uchafu hujiambia mengi, kwamba nitamweleza Mzee mwenyewe asubuhi ya sherehe, kwa siri, naye ataubembeleza mguu wake, na kila mtu atapata chake.

Asubuhi ile mvua ilishuka kutoka mlimani kwa muda wa robo saa, mvua ya ghafla, kisha jua likatoka na lami ikabaki inang'aa, yenye mabaka ya mafuta ya malori yaliyochanuka rangi. Mzee Kobelo alifika amechelewa kutoka Kinole, amevaa shati jeupe alilopigiwa pasi na Bi Zaina, na kandambili zake. Nilimwendea. Nilikuwa nimevaa koti jeupe la maabara nililopewa. Tajiri alikuwa hatua tatu nyuma yangu, na mgeni rasmi pembeni yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umependeza, utadhani daktari wa meno." Alifungua mlango, akaingia, akaangalia dashibodi. Hakukuwa na taa yoyote. Akaniangalia. "Lami imelowa hii. Yule Bwana yupo?"

Tajiri alikohoa. Nikasema, "Kila kitu kiko sawa, mzee."

Alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa ameambiwa akanyage hadi chini, na hakuwa na sababu ya kutokanyaga. Ngoma zilinyamaza. Tairi za nyuma zilianza kuzunguka kwenye maji na mafuta, moshi mzito wa mvuke na mpira ukapanda, na watu wakashangilia. Nakumbuka kwamba walishangilia, nakumbuka midomo yao iliyo wazi. Gari lilisogea polepole sana kwa kelele ile. Kisha tairi moja lilipata lami kavu chini ya paa la geti, likashika ghafla, na mkia wa gari ukatupwa upande kama ng'ombe anayerusha teke. Aliurudisha usukani haraka kuliko ninavyoweza kueleza, akaliokoa gari lisielekee kwa watu, na upande wake wenyewe ukaenda kuugonga mhimili wa geti. Sauti ilikuwa ndogo. Ile harufu ya mpira ulioungua iliingia puani mwangu na haijatoka kabisa hata sasa.

Tajiri alilifikia gari wa kwanza. Alikwenda mbele, akaupitisha mkono kwenye boneti iliyokunjamana. Mzee Kobelo alikuwa ndani, paja lake limebanwa, anasema "Ya Rabi, ya Rabi" kwa sauti ya chini ya mtu asiyetaka kuwasumbua wageni. Wale wa mashati ya kiwanda ndio waliomtoa. Mgeni rasmi aliuliza kulikoni, na Tajiri, bila hata kumeza mate, akajibu kwa sauti iliyofika hadi barabarani, "Dereva huyu kanywa. Nilimkanya jana." Nilisimama pale na koti langu jeupe. Watu walinitazama kwa sababu ya koti, wakidhani mwenye koti anajua. Nilitazama chini.

Kabla mkaguzi wa magari hajafika, niliuunga waya na Manase akairudisha balbu. Niliandika taarifa ya kitaalamu, nikaitia sahihi juu ya neno mhandisi: gari halikuwa na hitilafu ya breki, ya usukani wala ya mfumo wowote. Kila neno lilikuwa kweli wakati mkaguzi alipolisoma. Nimesoma uongo mwingi maishani, lakini sijakutana na mchafu kuliko ule uliotengenezwa kwa vipande vya ukweli tupu. Hakuna aliyempima Mzee pombe. Neno la Tajiri lilitosha, na taarifa yangu ilipokwisha kulisafisha gari, lawama haikuwa na mahali pengine pa kukaa isipokuwa juu ya dereva.

Nilimtembelea hospitalini siku ya nne. Bi Zaina alikuwa akimlisha uji, akatoka kuosha bakuli. Mzee aliniuliza bila salamu, "Yule Bwana alikwenda wapi?" Nikamwambia. Nilimwambia yote, waya, balbu, kibao, nikilia, nikitumaini, naona sasa, kwamba kilio changu kingechukuliwa kama malipo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa umebadilika kuwa uso wa mtu aliyeshika kitu kinachonuka na hana pa kukitupa.

"Mimi unaniambia nini?" alisema. "Mimi nilikuwemo ndani ya gari. Mimi najua kama nilikunywa. Nenda kawaambie waliokuwa getini."

"Mzee, nisamehe."

"Nenda kawaambie kwanza."

Sikuenda. Nilikaa katika chumba changu chenye kibao wiki tatu, kisha nikapata kazi Dar es Salaam, nikaondoka nikiwa na barua nzuri ya utambulisho kutoka kwa Tajiri. Nimefanya kazi ya heshima tangu hapo. Nimefundisha vijana, na kila mwaka nimewaeleza habari za tairi na barabara, jinsi nguvu isiyodhibitiwa inavyopotea kwa kelele, na hakuna mwaka hata mmoja nilioeleza jinsi nilivyoyajua hayo.

Mengine niliyasikia msibani, mwezi uliopita, nikiwa nimekaa kwenye benchi la nyuma na kikombe cha chai ya tangawizi, katikati ya watu wasionijua. Wawili walikuwa wakizungumza mbele yangu, wa makamo, wapole, wasio na nia mbaya. Mmoja alisema marehemu alitembelea mkongojo tangu ile ajali, na hakuitwa tena kwenye nikahi ya mtu. Mwingine akasema, hata ya bintiye mwenyewe. Siku ya ndoa upande wa bwana harusi walitia shaka, kwamba mlevi hafai kuwa walii, na ili shughuli isiharibike alisimama mdogo wake kumwozesha binti, Mzee akabaki chumbani. "Lakini si alikuja kuacha pombe?" aliuliza yule wa kwanza. "Aliacha," akajibu mwenzake kwa huruma. "Toka siku ile hakuna aliyemwona kanywa tena." Nilikiweka kikombe chini. Hata wema wao ulikuwa umejengwa juu ya taarifa yangu. Nilifungua mdomo niseme, na shekhe akaanza dua, nikaufunga, na dua ilipokwisha nikakuta sina ujasiri niliokuwa nao kabla yake. Bi Zaina, aliye kikongwe sasa, alinitambua mlangoni. Aliipokea rambirambi yangu, akasema ahsante, akamgeukia aliyekuwa nyuma yangu.

Kwa hiyo nimeandika, kwa kuwa hilo ndilo ninaloweza, na najua ni dogo na limechelewa. Wewe uliyesoma mpaka hapa, nina ombi moja. Kama una ndugu au rafiki Bigwa, Kihonda, au huko juu Kinole, na ukasikia anamtaja dereva aliyegonga geti la kiwanda akiwa amelewa, tafadhali mkatize, umwambie kwamba Mzee Kobelo hakunywa pombe siku ile, wala siku nyingine yoyote ya maisha yake.